Nilinunua Gemu Mpya, Nikamfukuza Baba Sebuleni!

Kama kuna kitu kilikuwa kinanichefua kwenye ndoa za marafiki zangu, ni gemu. Shoga yangu mmoja alishaniambia laivu kwamba akisikia tu kile kimuziki cha kuwashia mashine, anajua mumewe ndiyo kaenda kwa mke mdogo, na hatarudi mpaka saa saba usiku. Mimi nilikuwa upande wake asilimia mia moja. Kwa hiyo msomaji usishangae mwezi huu ukiniona natumia kurasa hizi kuitetea gemu, tena iliyozeeka, iliyokuwa kwenye kompyuta inayounguruma kama mashine ya kukoboa, kijijini Lusu. Nina sababu. Nilifanya kosa ambalo wengi wetu tuliotoka nyumbani kutafuta maisha mjini tunalifanya kila Desemba, na hasara yake haikuwa ya pesa.

Lusu ndiyo kwetu. Kwa wasiopajua, ni kata ya wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, jirani kabisa na ulipokuwa mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, ule ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufungwa mwaka 2013. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliokuwa wanaamka alfajiri kuwahi zamu. Mgodi ulipofungwa akarudi nyumbani na boksi la nguo za kazi, akawa mtu wa redio na kiti cha uvivu. Miaka mitatu baadaye mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba, akaanguka vibaya mtihani wa kidato cha nne. Hapo ndipo pakaharibika. Baba hakumpiga, hakumfukuza. Aliacha tu kuongea naye. Wakawa wanaishi nyumba moja kama wapangaji waliogombania bili ya umeme. Salamu ni "mwangaluka" ya asubuhi, basi, mpaka kesho yake.

Mdogo wangu akajishikiza kwenye kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo barabarani. Huko akapata kompyuta ya mezani iliyochoka, akaileta nyumbani, akaiweka sebuleni pembeni ya kabati la vyombo. Ndani yake kulikuwa na gemu ya mpira ya PES 2013. Wale wa umri wangu mnaikumbuka familia hiyo kwa jina la zamani la Winning Eleven, enzi zile za vibanda vya PlayStation 2 ambapo ulikuwa unalipa shilingi mia, unacheza mechi moja, ukifungwa unampisha mwenzio. Mama alinipigia kulalamika. Nikamwambia mwache, angalau hayupo vijiweni.

Sasa sikiliza kilichotokea.

"Huyo namba sita ni nani?"

Baba ni Yanga. Simaanishi shabiki wa kuvaa skafu siku ya mechi. Namaanisha mtu ambaye timu yake ikifungwa na Simba hali chakula cha usiku, na wageni tunawaambia anaumwa. Siku moja akawa anapita sebuleni kwenda kunawa, akaona kwenye kioo cha kompyuta jezi za kijani na njano. Akasimama. Akatazama kama dakika mbili hivi, maji yanamsubiri nje. Halafu akauliza, bila kumtazama mtu usoni, "Huyo namba sita anayepoteza mipira hivyo ni nani?"

Mama anasema hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza baba kumuuliza mwanawe kwa zaidi ya mwaka mzima.

Yanga haikuwemo kwenye ile gemu ilipotengenezwa. Waliotengeneza ni kampuni ya Konami ya Japani, na mwaka 2012 gemu hiyo ilipotoka wao walikuwa na mambo ya Ulaya na Amerika ya Kusini, Jangwani na Msimbazi hawakuwa na habari napo. Mdogo wangu ndiye aliyeiweka. Alichukua timu moja ya nchi sijui gani huko, akaibadilisha jina, akachora nembo, akapaka jezi, akabadilisha majina ya wachezaji mmoja mmoja, urefu, mguu anaopigia, hata mtindo wa nywele. Ilimchukua wiki. Baadaye akaweka Simba, maana bila Simba Yanga itamfunga nani? Akaendelea na nyingine. Tabora United ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24 alikuwa tayari ameshaiingiza kabla hata ligi haijaanza, maana kwetu hiyo ilikuwa sherehe ya mkoa mzima.

Baba akaanza kukaa. Kwanza kwenye mkono wa kochi, kama mtu anayeondoka sasa hivi. Kisha kochi lenyewe. Mwisho akashika pedi. Alikuwa anabonyeza vibaya, anapiga shuti badala ya pasi, anagomba, lakini alikuwa anagomba na mwanawe, si kumnyamazia! Wakawa wanakula pamoja kwa sababu mechi ilikuwa inaendelea na hakuna aliyetaka kuamka.

Halafu mdogo wangu akafanya kitu ambacho mimi mwenye digrii yangu ya mawasiliano nisingekibuni. Alikwenda kwa wazee wawili watatu waliocheza mpira na baba ujanani, akawauliza kikosi chao cha miaka ya 1980. Akatengeneza timu. Kipa, mabeki, viungo, wote kwa majina yao, pamoja na wawili waliokwishatangulia mbele ya haki. Namba tano, beki wa kati, miaka ishirini na mbili, akamweka baba.

Mama anasema siku alipoonyeshwa, baba alikohoa, akatoka nje, akakaa huko muda. Aliporudi alisema jambo moja tu: "Mimi sikuwa mfupi hivyo."

Mimi na zawadi yangu

Hayo yote mimi nilikuwa sijui. Nilijua wanacheza gemu, basi. Krismasi ya 2023 nikaenda nyumbani na bonasi mfukoni na kiherehere cha dada mkubwa. Nilitaka kuwashangaza. Nikapita Kariakoo, nikanunua mashine mpya ya gemu, ya kisasa, inang'aa, na gemu ya mpira ya mwaka huohuo. Kampuni siitaji, haina kosa, mwenye kosa ni mimi. Nilivyofika Lusu nikaifunga kwenye runinga mwenyewe, nikapigiwa makofi. Wachezaji wanatoka jasho kama watu kweli, nyasi unaziona moja moja. Na kwa kuwa nilikuwa nimemaliza tatizo la sebuleni, nikabeba ile kompyuta kuukuu kurudi nayo Dar, nikampa binti wa jirani aliyekuwa anahitaji ya kuandikia kazi za chuo. Fundi akaifuta yote, akaweka mfumo mpya. Nikajisikia nimetenda wema mara mbili kwa nauli moja.

Mdogo wangu alisema, "Asante sana dada." Hakusema lingine. Nawe ungefanya nini? Dada yako mkubwa katoka Dar na zawadi ya pesa nyingi hivyo, utamwambia amekuletea kitu kibaya?

Machi nikapiga simu kumsalimia mama. Nikamuuliza vipi gemu, wanafurahi? Akanyamaza kidogo. "Baba yako alicheza siku mbili," akasema. "Akauliza hawa ni watoto wa nani. Akaambiwa Manchester. Akasema basi, wacheze na baba zao. Sasa amerudi kwenye redio."

Na yule kijana? "Yupo kibandani. Anarudi watu wamelala."

Jamani, nilikosa usingizi. Nikampigia mdogo wangu nikamwambia rahisi tu, hebu weka Yanga kwenye hiyo mpya kama ulivyofanya kule. Akacheka kile kicheko cha mtu anayemhurumia mkubwa wake. "Dada, hiyo haifunguki."

Nini maana ya "haifunguki"?

Ikabidi nijifunze, nikiwa na umri huu. Nawapa kwa ufupi ninachokielewa, kwa sababu mwenzio au mwanao anaweza kuwa anaumia kimyakimya kwa jambo hilihili.

Kile alichokifanya mdogo wangu vijana wanakiita modi. Ni nyongeza au mabadiliko ambayo mchezaji mwenyewe, si kampuni, anayaweka ndani ya gemu. Inaweza kuwa jezi tu, inaweza kuwa basi zima lenye rangi za kampuni ya mabasi ya kwenu, inaweza kuwa mji. Msidhani ni utundu wa vichochoroni. Counter-Strike, moja ya gemu zilizochezwa sana duniani, ilianza mwaka 1999 kama modi ya vijana juu ya gemu ya watu wengine iitwayo Half-Life.

Sasa ubaya uko hapa: gemu ni ileile, jina lilelile, bei pengine ileile, lakini ruhusa ya kuigusa inategemea umeinunua ya mashine gani na kwenye duka gani. Na hakuna anayekwambia pale kaunta.

Chukua hizohizo gemu za PES. Kwenye kompyuta, mtu aliweza kubadilisha karibu kila kitu, mpaka viwanja na sauti za watangazaji. Kuanzia PES 2016, aliyekuwa na PlayStation 4 aliweza kuingiza picha za jezi na nembo kwa flashi, lakini si zaidi sana ya hapo. Aliyekuwa na Xbox One, gemu ileile, hakupewa hata mlango huo wa picha. Abaki na majina ya kuandika kwa mkono na jezi za kupaka rangi za kubahatisha. Halafu kampuni ikabadilisha mambo, ikaleta eFootball tarehe 30 Septemba 2021, ya bure, na ilipotoka haikuwa na sehemu ya kuhariri timu kabisa. Kote sawa, ila usawa wa wote kukosa.

Na si mpira tu. Mwaka 2015 kampuni ya Bethesda iliahidi kwamba modi za gemu yao ya Fallout 4 zitafika mpaka kwenye mashine za sebuleni. Wa Xbox One wakapata Mei 2016. Wa PlayStation 4 wakangoja mpaka Novemba, baada ya Sony kukataa kwanza, na waliporuhusiwa wakapewa sharti kwamba modi zisije na kitu chochote cha nje, yaani upangepange upya vilivyomo ndani tu. Ni kama umekaribishwa jikoni upike, ila unga na mafuta utumie vya mwenye nyumba. Gemu nyingine ya kampuni hiyohiyo, Skyrim, ilipotolewa upya Oktoba 2016, wa Xbox walipewa nafasi ya GB 5 ya kuwekea modi, wa PlayStation GB 1. Mwenye kompyuta? Mpaka diski yake ijae.

Hata ukisema basi, nanunua kompyuta, bado kuna habari ya duka. Gemu za kompyuta siku hizi zinanunuliwa mtandaoni, na duka kubwa kuliko yote ni Steam, ambalo tangu mwaka 2011 lina karakana yake ndani kwa ndani, Workshop, unabonyeza mara moja modi inaingia. Ile gemu ya kujenga miji, Cities: Skylines, iliyotoka Machi 2015, ilikua kwa sababu ya karakana hiyo, watu waliijaza barabara na majengo ya kwao. Lakini ukiwa na gemu hiyohiyo uliyoichukua duka la Epic, karakana ya Steam si yako. Unaweza kuhangaika kwa njia za mikono, kama una subira na fundi. Walipotengeneza ya pili mwaka 2023 wakaona bora waweke karakana yao wenyewe, isiyofungamana na duka la mtu.

Kwenye watoto nako kuna mtihani. Rafiki yangu ana mwanawe Dar na mpwa wake Muscat, wote wanapenda Minecraft. Akanunua ili wacheze pamoja likizo. Wa Muscat anayo ile ya kompyuta ya Java, ambayo modi zake ni nyingi kama mchanga na watu wanagawiana bure. Wa Dar anayo ya simu, iitwayo Bedrock, ambayo vitu vyake vingi vinauzwa dukani humohumo kwa sarafu za gemu tangu mwaka 2017. Hizi mbili hazikutani uwanjani. Watoto wakaishia kupigiana simu ya video, kila mmoja anamwonyesha mwenzie nyumba aliyoijenga ambayo hawezi kuikanyaga. Nilimwuliza rafiki yangu kama hakuona tofauti wakati ananunua. "Jina ni lilelile," akaniambia, "ningejuaje?"

Hongo

Sisi wa Tabora jambo hili hatupaswi kulishangaa. Babu zetu walibeba pembe na nguo kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, na kila himaya waliyopita kulikuwa na hongo. Neno hilo leo limeharibika, linamaanisha rushwa, lakini wakati ule ilikuwa ada ya wazi ya kupita kwenye nchi ya mtawala. Ukilipa unapita, tena unalindwa. Usipolipa, njia imefungwa. Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 njia ya moja kwa moja ya Ujiji ikazibwa, na yule Stanley aliyekuwa anamtafuta Livingstone ikabidi atoke Kwihara azunguke kusini ndipo afike.

Maduka ya gemu na simu nayo ni watawala wa njia. Kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi, kwa Steam, kwa Apple na kwa Google, kilikuwa asilimia 30 ya mauzo. Epic lilipofungua duka lake Desemba 2018 likasema litachukua asilimia 12, na Agosti 2020 likaenda mahakamani na Apple juu ya hongo hiyohiyo. Modi ya mdogo wangu hailipi hongo. Ameichora mwenyewe, anaigawa kwa flashi, hakuna anayekata chake. Ndiyo maana nadhani, na haya ni maoni yangu, wenye njia hawana haraka ya kuifungulia.

Tuwatendee haki lakini. Wana sababu nyingine ambazo mimi kama mama nazielewa. Faili la mtu usiyemjua linaweza kubeba kirusi. Linaweza kubeba picha ambazo hutaki mtoto wa miaka tisa azione. Wapo wanaotumia modi kuiba ushindi kwenye mechi za mtandaoni. Na jezi ya Yanga ni mali ya Yanga, kampuni haiwezi kuiuza bila mkataba. Tuseme ukweli pia, diski nyingi tulizochezea vibandani enzi zile zilikuwa nakala za wizi, na mashine zilikuwa zimechokonolewa ili zizisome. Sote tulijua. Lakini kijana kuchora kikosi cha baba yake na kukicheza sebuleni kwao, hapo sioni aliyeibiwa.

Njia ya kuzunguka nayo ipo, kama ya Stanley. Vijana wengi wa kwetu wanacheza mpira wa modi kwenye simu kwa kutumia PPSSPP, programu inayoigiza ile mashine ndogo ya mkononi ya Sony, PSP. Aliianzisha Mswidi, Henrik Rydgård, mwaka 2012, na kwenye simu za Android ipo kwa miaka mingi. Hapo ndipo simu ya laki mbili ilipokuwa inaipiga bao simu ya milioni mbili, kwa sababu Apple haikuruhusu programu za aina hiyo dukani kwake mpaka Aprili 2024, na PPSSPP ikaingia Mei mwaka huo. Kabla ya hapo, dada ungeweza kumnunulia mchumba wako iPhone ya nguvu siku ya Valentine, ukashangaa anairudia simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Ungedhani kuna mwanamke mle ndani!

Uulize nini kabla hujafungua pochi

Mimi sasa nikitaka kumnunulia mtu mashine, simu au gemu, nakaa naye kwanza anapocheza. Namwacha anionyeshe. Nauliza kipi humo ndani amekiweka yeye mwenyewe, na anacheza na nani. Kama jibu ni kwamba hakuweka kitu na anacheza peke yake, mnunulie chochote, utakuwa umemfurahisha. Kama kuna kitu amekiweka, muulize muuzaji waziwazi kama hicho kitaingia kwenye ile mpya, na asikwambie "inaingia kila kitu sista", mwambie aonyeshe. Uliza na intaneti: ile mashine yangu ilitaka kupakua GB kwa makumi kabla ya mechi ya kwanza, na bando za Lusu mnazijua au hamzijui? Zilikwisha zote, za kwangu na za mama. Na jambo la mwisho, usibebe ile ya zamani. Hata kama inaunguruma. Hata kama inaharibu sebule yako. Iache mpaka mwenyewe aseme ichukue.

Kwa kinamama wenzangu wenye waume wa gemu nina la kuongeza. Siku moja keti umtazame amejenga nini mle. Shoga yangu yule wa mke mdogo nilimshauri hivyo, akakuta mume ameipa timu yake jina la binti yao. Bado wanagombana kuhusu saa saba usiku, lakini sasa wanagombana wakijua wanachogombania.

Tulivyorudisha

Juni 2024 nikaenda Lusu na laptopu ya mtumba. Faili la zamani halikuwepo tena, kompyuta ilishafutwa na flashi ya mdogo wangu ilishapotea siku nyingi. Rafiki yake mmoja wa Nzega mjini alikuwa na nakala ya zamani, ikaja kwa boda ndani ya bahasha ya kaki. Tulipoifungua, Yanga ilikuwemo, Simba imo. Tabora United haikuwemo, na kile kikosi cha wazee hakikuwemo. Nakala ilikuwa ya kabla.

Nikamwomba mdogo wangu msamaha. Ni kazi ngumu kumwomba msamaha mdogo wako, tena mbele ya mama anayejifanya anachambua mchele. Akasema, "Haina shida dada, nitaandika upya." Nikamwuliza majina anayakumbuka? Akasema mengi, si yote. Mzee mmoja kati ya wale waliompa kikosi alikuwa amefariki Februari.

Baba alikuwa nje, redio sikioni. Hakuna aliyemwita. Mdogo wangu akaanza kuandika, kipa, namba mbili, namba tatu, akifika mahali amesahau anataja kwa sauti, "Namba nne alikuwa nani huyu, wa Isanga?" Kimya. Akarudia. Redio ikapunguzwa. "Si wa Isanga," sauti ikatoka barazani, "huyo alikuwa anatokea Nzega." Akataja jina. Mdogo wangu akaandika vibaya makusudi, akalisoma. Baba akaingia ndani kusahihisha, na akiwa amesimama palepale nyuma ya kochi akasahihisha na namba sita, na namba nane, na akaeleza kwa nini namba kumi alikuwa hapigi kwa kushoto hata umlipe. Mama akaacha mchele. Nilikaa pale sakafuni, hakuna aliyenihitaji, nikawa nachaji simu yangu.

Ilifika saa nne usiku wakawa wamefika wachezaji kumi na wanne, wa akiba wamo. Nikarudi Dar keshokutwa yake. Ile mashine mpya bado iko kwenye runinga, watoto wa shangazi wakija wanacheza Manchester yao.

Wiki iliyofuata simu ikaita, baba. Baba hapigi simu, baba anapigiwa. Nikapokea moyo unadunda nikidhani kuna msiba. Hata salamu hakumaliza.

"Mwambie mdogo wako aongeze sentimita. Ameniweka mfupi tena."